Ukiambiwa kinyama cha figo kichukuliwe

Daktari wa figo akipendekeza kuchukua kinyama cha figo kwa uchunguzi, yaani biopsi, familia nyingi hapa Dar es Salaam huingiwa na hofu, na ya kwetu iliingiwa nayo mdogo wangu alipolazwa akiwa amevimba uso na miguu. Mama mkubwa alisema waziwazi kwamba figo ikishachomwa sindano ndiyo basi. Naandika haya kwa sababu kipimo hicho ndicho kilichomwondoa mdogo wangu katika matibabu ya kubahatisha.

Kreatinini, yaani taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, hueleza figo zimepungukiwa nguvu kiasi gani, na altrasaundi huonyesha ukubwa na umbo lake, lakini chanzo mara nyingi hakionekani. Mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi, na macho yake pia yameathirika, kwa kawaida hahitaji biopsi. Mdogo wangu hakuwa na kisukari. Alikuwa na presha, mkojo wa povu uliojaa protini, na maumivu ya viungo aliyoyatuliza kwa diklofenaki za duka la dawa la mtaani kwao Tandika. Presha huharibu figo, na figo zilizoharibika nazo hupandisha presha, hivyo kuambiwa kwamba chanzo ni presha hakukutosha. Hali kama ile ingeweza kuletwa na homa ya ini ya B, VVU, dawa za maumivu, au kinga ya mwili inayoushambulia mwili wenyewe, na kila kimoja kina njia yake ya kutibiwa.

Kabla ya siku yenyewe alipimwa kuganda kwa damu, na presha ikashushwa kwanza, kwa kuwa hatari kubwa ya kipimo hiki ni kuvuja damu. Anayetumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda amweleze daktari mapema, asiiache kwa uamuzi wake. Mgonjwa hulala kifudifudi, huchomwa ganzi mgongoni, na huambiwa abane pumzi kidogo wakati sindano inaongozwa kwa altrasaundi. Kinachotoka ni kiuzi chembamba cha nyama, cha urefu wa sentimita moja hadi mbili hivi. Baada ya hapo alilala chali kwa saa kadhaa, na kila mkojo wake uliwekwa kwenye kikopo cheupe ili muuguzi autazame kama una damu. Ulikuwa na wekundu kidogo mwanzoni, kisha ukasafika.

Jibu lilikuwa lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili, na daraja lake ndilo lililoamua ukali wa dawa alizoanzishwa. Hapo hata mama mkubwa aliridhika.

Njia hii si ya juzi. Mwaka 1951 madaktari wa Denmark, Poul Iversen na Claus Brun, walichapisha maelezo ya kuchukua kinyama cha figo kwa sindano, na kadiri vinyama hivyo vilivyochunguzwa kwa hadubini, magonjwa yaliyokuwa yakiwekwa kapu moja yakaanza kutenganishwa. Mwaka 2010 watafiti walibaini kwamba mabadiliko fulani ya jeni ya APOL1, yaliyo mengi zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, huongeza hatari ya ugonjwa wa figo, ingawa yana faida ya kukinga dhidi ya vimelea vya malale. Wagonjwa wengi weusi wa Marekani walikuwa wakiambiwa kwamba chanzo cha ugonjwa wao ni presha tu. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kutaka figo za watu wa huku kwetu nazo zichunguzwe. Ukiombwa ridhaa ya sehemu ya kinyama kuhifadhiwa kwa utafiti, uliza kitatunzwa wapi, jina lako litafichwaje, na kama matibabu yako yataendelea kama kawaida hata ukikataa, kwa kuwa hiyo ni haki yako. Mimi ningekubali.

Uliza pia gharama na siku ya majibu, maana kinyama hupitia hatua kadhaa maabara.

Figo zikishasinyaa na kujaa makovu, madaktari kwa kawaida huacha kuzichoma, kwa sababu hatari huongezeka na jibu huwa halibadilishi tena tiba. Anayeona povu la mkojo lisilokatika au uvimbe wa uso kila asubuhi apime mkojo na presha katika zahanati iliyo karibu wiki hii hii, na akionekana ana protini aombe rufaa ya kumwona daktari wa figo.