Je, Theater Camp ni marudio ya Camp?
Ndugu, umeuliza kama filamu ya Theater Camp ya mwaka 2023 ni marudio ya Camp ya mwaka 2003. Sivyo, ingawa zote ni vichekesho kuhusu vijana wa Marekani wanaojifunza uigizaji kambini wakati wa likizo ya kiangazi. Camp, ya Todd Graff, ina nyimbo nyingi, na ndiyo filamu ya kwanza ya mwigizaji Anna Kendrick. Ile ya Molly Gordon na Nick Lieberman imejivika vazi la filamu ya makala: mwanzilishi wa kambi anapoteza fahamu, na mwanawe, asiyejua lolote kuhusu jukwaa, analazimika kuiendesha ikiwa imelemewa na madeni. Mazungumzo mengi waigizaji waliyabuni papo hapo, na labda ndiyo maana walimu wake, kwa maoni yangu, wanachekesha kuliko wanafunzi.