Tiketi yako ya treni Uingereza inakuruhusu kupita wapi?

Jamaa wanaohamia Uingereza huniuliza bei ya tiketi ya treni kabla ya jambo lingine lolote. Nami huwauliza: hapo kwenye sehemu ya "Route", yaani njia, pameandikwa nini? Mtu aliyezoea SGR ya Dar na Dodoma anajua kwamba tiketi ina treni yake, behewa lake na kiti chake, basi. Huku tiketi nyingi za watu wa kwenda kazini hazikufungi na treni moja. Zinakupa haki ya kupita njia fulani, na njia hizo huenda zikawa nyingi au chache kuliko ulivyodhani siku ya kulipa.

Nichukue safari ya kati ya Reading, mji ulio magharibi ya London, na London yenyewe, niliyoifanya kwa miaka mingi. Tiketi ya kawaida imeandikwa "Any Permitted", yaani njia yoyote iliyoruhusiwa. Hiyo si ruhusa ya kuzunguka upendavyo. Upo mwongozo wa njia wa nchi nzima, uliotungwa miaka ya 1990 wakati reli inakabidhiwa kampuni binafsi, kwa sababu tiketi moja ilianza kutumika kwenye treni za kampuni kadhaa na ilibidi pawe na mipaka. Mwongozo wenyewe ni mrefu na unachosha, wala sikushauri uusome wote. Shika mambo mawili: treni inayokufikisha stesheni yako bila kubadilisha inaruhusiwa, na njia fupi kuliko zote kwa reli inaruhusiwa, hata ukiizidisha kwa maili 3. Baada ya hapo ndipo zinakuja ramani za njia nyingine, na hizo waachie watu wa dirishani.

Kwa hiyo kutoka Reading una njia kadhaa. Treni za haraka zinafika stesheni ya Paddington, London, kwa kama dakika 25. Treni za Elizabeth line, reli inayovuka London, zinafika hapo hapo taratibu, zikisimama stesheni nyingi. Halafu kuna zile zinazopitia Wokingham, Ascot na Staines hadi Waterloo, stesheni nyingine kuu ya London, mwendo wa zaidi ya saa nzima. Njia ya Paddington ikikwama, utaona umati umesimama chini ya ubao wa matangazo, na tiketi inayowafikisha Waterloo iko mfukoni. Treni hizo ni za polepole kweli, lakini zinatembea.

Tiketi ya muda ya safari hiyo, iwe ya wiki, mwezi au mwaka, inakuruhusu pia kushuka na kupanda tena njiani. Twyford, Maidenhead, Slough, zote zimo, hata Jumapili ukienda kumsalimia shangazi. Wengi wanalipa nauli mpya mwisho wa wiki bila sababu.

Mtego uko kwenye maneno "London Terminals". Hayo yanahusu stesheni kuu ambazo njia yako inafikia, si mji mzima. Elizabeth line inapita Paddington na kuingia chini ya mji hadi Tottenham Court Road, Farringdon na kuendelea, nawe umekaa kwenye kiti kile kile, wala hakuna anayekuambia kwamba tiketi yako imeishia nyuma. Kama kazi yako iko katikati ya mji, ama nunua tangu mwanzo tiketi ya muda inayojumuisha zoni za London, ama shuka Paddington, toka getini, kisha gusa kadi ya benki uingie upya. Tiketi za kuvuka London kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine ni jambo tofauti: zikiwa na alama ndogo ya msalaba, safari ya treni za chini ya ardhi kati ya stesheni na stesheni imeshalipiwa.

Tiketi ikiwa na bei ya kuvutia kuliko nyingine, tafuta sababu kwenye mstari ule ule wa njia. Brighton kwenda London kuna tiketi za "Thameslink only": reli ni ile ile, lakini treni isiyo na jina la Thameslink ikija usipande. Kent nako, treni za mwendo kasi zinazoingia stesheni ya St Pancras, London, zina nauli ya ziada, na tiketi inayozikubali huandikwa "Plus High Speed". Mimi kwa mtu wa kila siku siipendi tiketi ya kampuni moja, labda kama treni zake ni nyingi sana kwenye stesheni yako. Jioni treni zikifutwa, utabaki kusubiri tangazo kwamba kampuni jirani imekubali tiketi zenu.

Mkaguzi akikukuta huna tiketi halali, faini ya England tangu Januari 2023 ni pauni 100 juu ya nauli, au pauni 50 na nauli ukilipa ndani ya siku 21. Ukijua mapema kwamba leo utapita njia nyingine, nenda dirishani kabla ya kupanda, waombe ulipie tofauti ya njia tu. Huduma hiyo ipo, ila lazima uiombe wewe.

Kabla hujalipia tiketi ya mwaka, ambayo bei yake ni sawa na tiketi 40 za wiki, ingia kwenye tovuti ya National Rail, ya kampuni zote za treni kwa pamoja, weka stesheni ya kupitia unayoitaka, uone kama nauli inayotokea ni ile ile na ina mstari ule ule wa njia. Hifadhi picha ya ukurasa huo kwenye simu.

Na ukiwa nayo tayari, usinunue tena kipande ulichokwisha kulipia. Mwenye tiketi ya muda ya Reading na London akitaka kwenda Bristol ananunua ya Reading hadi Bristol tu, anapanda Paddington, na zote mbili zinaungana. Kanuni namba 14 ya masharti ya usafiri wa National Rail inasema kwamba mwenye tiketi ya muda anaweza kuunganisha hivyo hata kama treni haisimami kwenye stesheni ya kuungania. Kumbuka namba hiyo, maana wakaguzi wengine nao hawaijui.