Chungu kipya kizoeshe moto kwanza

Lalamiko ninalolisikia zaidi kutoka kwa wateja ni kwamba chungu kimepasuka siku ile ile ya kwanza. Nikiuliza kilibandikwaje, naambiwa kilioshwa, kikatiwa maharage na maji, kikapandishwa kwenye gesi moto ukiwa juu kabisa. Inaniuma, maana chungu hicho kingepikiwa miaka.

Ufinyanzi nimejifunza kwa wanawake wa Kikisi wa Ikombe, wilayani Kyela, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi gulio la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema. Kuta zake ni nyembamba, na vinafinyangwa ili vipikiwe. Ndiyo maana nasikitika nikivikuta mjini vimepangwa kabatini, huku wali unaungulia kwenye sufuria iliyochakaa.

Unapochagua, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kilicho kizima hulia kwa sauti kali; chenye ufa hutoa mlio uliofifia. Madoa meusi ubavuni yasikutishe, hayo ni alama za kuni na majani wakati wa kuchomwa kwenye moto wa wazi. Moto huo haufiki joto la tanuri za viwandani, kwa hiyo udongo hubaki na vitundu vidogo sana. Ndivyo vinavyopoza maji ya mtungini: maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, yakakauka na kuondoka na joto. Kwenye chungu cha kupikia, lakini, vitundu hivyo inabidi vizibwe.

Mimi hufanya hivi. Nakiloweka chungu kipya usiku kucha. Asubuhi nakipikia uji mwepesi wa unga wa muhogo kwa moto mdogo wa mkaa, nauacha uchemke taratibu hadi uwe mzito. Kisha naepua, nauacha upoe humo humo mpaka jioni, ndipo namwaga. Wanga unakuwa umeingia kwenye vitundu. Chungu kilichokuwa kikitoa jasho kwa nje mara nyingi hukauka baada ya hapo, kisipokauka, rudia. Usikimbilie kukirudisha sokoni.

Kuanzia hapo, ogopa joto la ghafla. Chini kukipata moto mkali kunatanuka kabla ya juu, na ukuta unaachia. Anza na moto mdogo, hata kama una haraka. Maharage yakikaukiwa, ongeza maji ya moto, kamwe usiongeze ya baridi. Ukiepua, kiweke juu ya ngata au ubao, si kwenye sakafu iliyolowa. Wenye jiko la gesi, wekeni kipande cha bati nene kati ya moto na chungu.

Sabuni iache. Udongo unainywa, nawe utaionja kwenye wali. Sugua kwa maji ya moto na chumvi au jivu lililochekechwa, kisha kianike juani mdomo ukiangalia juu. Usikifunike kabla hakijakauka kabisa, kitaota ukungu. Na chungu cha samaki kiwe cha samaki: ukichemshia mbasa leo, uji wa mtoto kesho utanuka mbasa.

Kuna jambo silikubali hata kidogo: vyombo vilivyopakwa rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha, kisha vikauzwa kuwa bakuli za kulia. Rangi hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya chakula, na baadhi zina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Mwulize muuzaji alichokipaka. Akikwambia ni udongo mwekundu uliosuguliwa kwa kijiwe kabla ya kuchomwa, nunua. Akikwambia ni rangi ya dukani, kipandie maua.