Anubiasi kwa tangi lenye taa ya kawaida

Ndugu yangu, umeeleza kwamba mimea yako ya mwanzo iliyeyuka ndani ya tangi la samaki, kwamba taa uliyonayo ni ile iliyokuja na tangi lenyewe, na kwamba huna mtungi wa hewa ukaa wala huna nia ya kuununua. Ukauliza kama upo mmea hai unaoweza kuishi katika hali hiyo, na kama utasaidia kupunguza naitreti, yaani mabaki ya uchafu wa samaki yanayorundikana majini. Mmea upo, nao ni anubiasi, hasa ile ndogo iitwayo Anubias barteri var. nana. Nimeikuza kwa miaka mingi katika matangi makubwa na madogo, na ndiyo ninayompa kila anayeanza.

Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, kwenye vijito vya msituni, ambako hujishikiza kwenye mawe na magogo chini ya kivuli cha miti, majani yake yakiwa hewani wakati wa kiangazi na kufunikwa na maji mto unapojaa. Ndiyo maana haidai mwanga mkali, haihitaji udongo wenye rutuba, na chakula chake kingi hukipata kutoka kwenye maji yenyewe, ambamo kinyesi cha samaki huwa kimekwisha kuacha sehemu kubwa ya virutubisho.

Jambo linaloiua mara nyingi kuliko yote ni kuifukia. Ukiitazama kwa makini utaona shina nene la kijani lililolala, ambalo wataalamu huliita rizomu. Majani huchipua upande wa juu na mizizi hushuka upande wa chini. Rizomu hiyo ikizikwa mchangani huoza: hugeuka kahawia, hulainika, hutoa harufu mbaya, na majani yaliyoonekana mazima jana hung'oka yenyewe kwa kuguswa tu. Kwa hiyo iondoe kwenye kikopo chake, safisha nyuzinyuzi zote zilizong'ang'ania mizizi, kisha ifunge juu ya jiwe au kipande cha mti kwa uzi wa pamba au wa nailoni, bila kuukaza hadi ukate shina. Njia ninayoipenda zaidi ni supaglu ya jeli: kausha mizizi kidogo kwa kitambaa, weka tone moja kwenye jiwe, bana kwa muda mfupi, kisha rudisha majini, kwa kuwa gundi hiyo hukamilisha kukauka inapokutana na unyevu na ikishakauka haiwadhuru samaki. Ukitaka mmea ukae chini kabisa, ruhusu mizizi peke yake iingie mchangani.

Maji ya nyuzi 22 hadi 28 za Selsiasi yanaifaa, yawe laini au magumu kiasi, mradi klorini ya bomba iwe imeondolewa kabla hujayamimina.

Kuhusu mwanga, saa sita hadi nane kwa siku zinatosha, na ni bora taa iongozwe na kipima muda kuliko kuwashwa na kuzimwa kwa kukumbuka. Ukizidisha, atakayefaidika ni mwani. Jani la anubiasi huishi muda mrefu sana na hukua polepole, kwa hiyo mwani hupata mahali pa kutulia, ukianza kama madoa magumu ya kijani au manyoya meusi kwenye kingo. Usiuweke mmea huu moja kwa moja chini ya taa. Uweke pembeni, kwenye kivuli cha mti au cha jiwe kubwa. Jani lililokwisha kufunikwa kabisa likate kwenye rizomu, kwa maana kulisugua hakurudishi uzima wake.

Naomba pia usiutupe mapema. Mimea mingi ya kuuzwa hukuzwa majani yakiwa nje ya maji, hivyo baadhi ya majani ya zamani huweza kuwa ya njano na kufa mara tu yanapozamishwa. Kinachokupa jibu ni rizomu: ikiwa ngumu na ya kijani, mmea u hai. Jani jipya hutoka kwa rangi ya kijani kibichi chepesi, na kupata moja kwa wiki tatu au nne ni mwendo wa kawaida kabisa. Rizomu ikirefuka, ikate kwa wembe safi, kila kipande kibaki na majani matatu au manne.

Sasa naitreti. Kwa kuwa hukua polepole, anubiasi peke yake haitapunguza kiasi cha kuonekana, na asiyekwambia hivyo anakupa matumaini ya bure. Ongeza Ceratophyllum demersum, mmea usio na mizizi unaoelea na kukua kwa kasi, ambao hufyonza amonia na naitreti na pia huitilia anubiasi kivuli. Upunguze kila wiki unapobadilisha robo ya maji, na matawi uliyokata yatoe nje ya tangi, kwani yakiozea ndani virutubisho vyote hurudi majini.