Sampuli ya maji huharibika njiani

Wewe unayeanza utafiti wa maji, fikiria safari kabla ya kufikiria maabara. Mradi wangu wa kwanza nilichota kwenye visima vitano, nikazilaza chupa begini hadi kesho yake mchana, kisha nikaandika ripoti nzima juu ya bakteria waliokwisha kuzaliana au kufa humo ndani. Msimamizi aliuliza jambo moja: "Zilikaa saa ngapi?" Kazi ya wiki tatu ikaishia hapo.

Sampuli ya bakteria ikae gizani, ndani ya sanduku la barafu, ipimwe ndani ya saa 6 ikiwezekana. Zikipita 24, rudi ukachote upya. Joto, pH (kipimo cha uasidi), oksijeni na klorini iliyobaki baada ya maji kutiwa dawa havingoji hata hizo 6. Vipime pale pale kwenye chanzo, na kifaa cha pH ukirekebishe asubuhi ya siku hiyo.

Maji ya bomba ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Klorini huendelea kuua bakteria chupani, hivyo chupa iwe na sodiamu thiosalfeti kidogo ya kuizima. Ukisahau, unaweza kupata sifuri ya uongo. Shirika la Afya Duniani linataka E. coli, bakteria anayeashiria kinyesi, asionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa, kwa hiyo sifuri yako mtu ataiamini na kumnywesha mtoto.

Beba pia chupa moja ya maji yasiyo na vijidudu, uifungue na kuifunga kisimani kama zile nyingine. Ikiotesha bakteria, shida iko mikononi mwako.

Halafu uliza watu. Mwaka 1854 huko London, daktari John Snow alipoyachunguza maji ya pampu ya Broad Street hakuona humo ushahidi wa kutosha. Kilichomwonyesha njia ya kipindupindu ni kuuliza kila nyumba yenye msiba ilikuwa ikichota wapi. Anayechota kila siku anajua maji hubadilika rangi baada ya mvua ipi, na choo cha zamani kilifukiwa wapi. Andika maneno yake siku ile ile.

Na kabla hujaondoka, muulize majibu apelekewe nani. Daftari langu sasa lina safu ya jina hilo kwa kila kisima, na kisima chenye majibu mabaya hupata taarifa kabla ya ripoti kuandikwa.