Unaomba ruzuku ya utafiti wa usonji? Kibali cha kipimo kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza mambo matatu: bajeti ya miaka miwili, urefu wa barua ya kusudio (ile fupi ya kumweleza mfadhili nia yako kabla ya andiko kamili), na namna ya kushirikisha familia za watoto wenye usonji. Mimi macho yamenasa kwenye kimstari ulichokitupia chini kabisa, kuhusu kile kipimo cha usonji cha kumwangalia mtoto akicheza na mtathmini: "ADOS-2 tutaitafsiri wenyewe tukishapata hela." Hapo ndipo nilipozikwa.

Sisi hela tulipata. Kwenye bajeti niliandika mstari mmoja, "vifaa vya tathmini", maana gwiji mmoja niliyemwamini aliniambia, "Weka tu hivyo, wafadhili wanaelewa." Hawakuelewa chochote. Nilipompigia baadaye akasema eti alidhani najua. Alidhani! Na posho ya ushauri alichukua.

Sikiliza. ADOS-2 ina hakimiliki. Kuitafsiri kunataka idhini ya maandishi ya mchapishaji, na kamati ya maadili ikikuuliza iko wapi utabaki kujikuna kichwa. Sanduku la vifaa unanunua mara moja, lakini kijitabu cha alama kinaisha na kila mtoto. Zidisha kwa watoto wako wote, halafu kunywa maji. Bado watathmini: kwa utafiti, warsha peke yake haitoshi, lazima alama zao zilingane na za wakufunzi kwa asilimia 80 au zaidi. Tulishinda siku nzima na video ya mtoto mmoja anayefukuza mapovu ya sabuni, wasaidizi wangu wawili wakibishana: kamtazama mtathmini usoni, au katazama povu lililokuwa karibu na sikio lake? Tukairudisha, tukairudisha tena, hadi chai ikapoa.

Idhini ilitoka baada ya miezi minane. Mishahara inatembea, mtoto hata mmoja hajapimwa. Kuhamisha fedha tulizotengea vipimo vya vinasaba ziende kwenye mafunzo kukadai barua kwa mfadhili, naye akakubali nusu. Humo sandukuni kuna mwanasesere wa kufanyiwa sherehe ya kuzaliwa. Mwaka ule ni yeye tu aliyekuwa na cha kusherehekea.

Kwa hiyo kabla ya neno la kwanza la andiko, mwandikie mchapishaji. Ulizia idhini ya tafsiri, bei ya vijitabu, mafunzo. Jibu lake libandike kwenye viambatisho. Akisuasua, badili kipimo sasa, si hela zikishaingia.

Na asikudanganye mtu kwamba M-CHAT-R/F itaziba pengo. Ni maswali 20 ya kuchuja watoto wa miezi 16 hadi 30, haithibitishi usonji, na kuitafsiri nayo kunahitaji ruhusa ya wenyewe. Mimi niliambiwa niitumie badala yake. Na nani? Gwiji yuleyule.

Urefu wa barua ya kusudio soma kwenye tangazo lao. Ya familia nitarudi baadaye. Barua pepe kwa mchapishaji umeshatuma?