Oda ililala wapi? Nilivyochora kazi zetu ukutani

Mteja alipiga simu mara ya tatu kuulizia kadi zake za biashara. Nikamjibu, "Ziko mashineni," kama nilivyomjibu juzi yake. Nilipokata simu nikaenda mashineni mwenyewe. Hazikuwepo. Oda nikaikuta mezani kwa dizaina, chini ya kikombe, ikisubiri mteja apitishe sampuli. Kumbe alishaipitisha siku tatu nyuma! Alimjibu dada wa mapokezi, naye akadhani dizaina ameuona ujumbe.

Mpaka siku hiyo nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba tunachelewa kwa sababu mashine ya kuchapia ni moja, na nilishaanza kuulizia mkopo wa kununua ya pili.

Nikaamua kuchora njia nzima ambayo oda hupitia kwetu, hatua kwa hatua, nione inalala wapi. Mchoro wangu wa kwanza niliuchora peke yangu usiku, kwenye kompyuta, kwa rangi za kupendeza: visanduku tisa vimejipanga mstari mmoja, kuanzia oda kupokelewa hadi mzigo kutoka. Asubuhi nikawaonyesha wenzangu. Wakanyamaza, kisha fundi wa mashine akacheka. "Bosi, hii ofisi iko wapi na mimi nikaombe kazi?" Alikuwa na haki. Nilichora kazi ninavyotamani iende.

Kwa hiyo ukitaka kuchora, kaeni pamoja na wanaoifanya kazi yenyewe, mchukue oda moja iliyokwisha, mfuate nyayo zake. Usiulize "utaratibu ukoje?" maana utajibiwa utaratibu wa kwenye makaratasi. Uliza: hii oda uliipata kutoka kwa nani? Ulijuaje kwamba sasa ni zamu yako? Sisi tulitumia karatasi kubwa ukutani na vikaratasi vya kunata, kwa sababu kikaratasi ukikosea unakibandua bila kumwonea mtu aibu.

Tuligawa karatasi kwa safu, kila mtu na safu yake. Hapo ndipo macho yalipofunguka. Ndani ya safu ya mtu mmoja kazi ilikwenda vizuri tu. Ilipotea pale mshale ulipovuka kwenda safu ya mwingine. Nikaomba juu ya kila mshale unaovuka tuandike nini hasa kinachosafiri: karatasi, ujumbe wa simu, au faili. Mishale mitano ikaandikwa "nilimwambia".

Jambo jingine ni kusubiri. Watu wengi wanajua kisanduku cha hatua na umbo la almasi la swali la ndiyo au hapana, basi. Lakini michoro hii ina umri mkubwa kuliko kompyuta zetu: Frank na Lillian Gilbreth waliiwasilisha mbele ya chama cha wahandisi mitambo wa Marekani mwaka 1921, na huyo Frank alianza maisha kama fundi uashi. Chama hicho kilipoweka alama sanifu mwaka 1947, kilibakiza tano, na mojawapo, yenye umbo la herufi D, ni ya kuchelewa. Kusubiri kulipewa alama yake! Sisi tulitumia vikaratasi vyekundu. Ile oda ya kadi ilifanyiwa kazi kwa mikono kama saa mbili, lakini ilikaa kwetu siku sita. Karibu ukuta mzima ulikuwa mwekundu, na kwenye mashine palikuwa na chekundu kimoja tu.

Kila almasi nayo ina mishale miwili, ila watu huchora wa "ndiyo" na kwenda kunywa chai. Mteja akiikataa sampuli je? Kwetu hakuna aliyekuwa na jibu. Ikabainika kuwa mapokezi walikuwa wakiiandikisha oda hiyo upya kwa namba mpya, ndiyo maana hesabu za oda kila mwezi zilimtesa mhasibu.

Kisanduku kilichoniuma ni changu. Kila oda ilisimama kungoja sahihi yangu, hata nikiwa safarini. Nilijaribu kukumbuka kwa nini, nikakumbuka kosa moja la tahajia la miaka mingi nyuma. Nikakibandua mbele yao. Majibu ya wateja nayo sasa yanakwenda moja kwa moja kwa dizaina. Mengine tuliyaacha kwanza, maana ukibadilisha mambo kumi kwa mpigo hutajua lipi limesaidia.

Kuhusu programu za kuchorea: zipo, na kuna lugha nzima ya alama za michoro hii iitwayo BPMN, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011. Kampuni yenye idara nyingi itaihitaji. Mkiwa watu saba, mtamaliza wiki mkibishania alama.

Mashine ya pili sijanunua. Karatasi bado iko ukutani, imechakaa pembeni. Juzi nimekuta kikaratasi chekundu ambacho sikukibandika mimi, kati ya mashine na meza ya kukatia. Kimeandikwa kwa hati ya fundi: "Kisu butu. Nasubiri tangu Jumatatu."